Cheti, Pete na Mtu Mwenyewe: Hotuba Niliyoitoa Moshi

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Moshi mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wangu wa zamani. Wengi hamkuweza kufika mkaniomba maneno yote, basi nayaweka yote kama nilivyoyasema, nimeacha slaidi tu.

Shikamooni wazazi wangu. Walimu wenzangu habari za leo. Na nyie vijana mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele, msiogope kukaa karibu na wazee.

Mlinipa mada ndefu. Mkasema nizungumze kuhusu kufundisha, nizungumze kuhusu jamii yetu, alafu mama mmoja wa kamati akanivuta pembeni akaniambia Profesa na lile jingine kama hutajali, lile la kuishi bila ndoa, maana mabinti wetu wanatuuliza hatuna la kuwajibu. Nimekubali yote. Na nimekubali kwa sababu kadri nilivyokuwa naandaa nikaona ni jambo moja. Sisi tumezoea kumpima mtu kwa swali moja tu. Mwanafunzi tunamuuliza umepata ngapi. Mtu mzima tunamuuliza umeoa, umeolewa. Akishajibu basi, tumemaliza naye. Hatuulizi tena anajua nini, anamtunza nani, usiku analala anawaza nini. Na mimi kwa miaka yote niliyosimama mbele ya darasa nimeona watu wazuri sana wakitupotea hivyo hivyo tunawaangalia.

Nianze na darasa maana ndiyo kazi yangu.

Mimi nafundisha sosholojia ya vijijini. Kulikuwa na kijana mmoja mwaka wa pili, ametoka juu huku Uru. Semina nzima hafungui mdomo. Ukimtaja anasimama, anasema samahani madam, anakaa. Wenzake wanakariri desa, zile notisi za kunakiliana, wanasimama wanalimwaga kama lilivyo, wanapata maksi, yeye alishasapu, yaani alishafeli akarudia mtihani, na wenzake walikuwa wanasema huyu mwaka huu anadisko, anaondolewa chuo. Na mimi nikiangalia ile orodha ya matokeo ndicho nilichokuwa nakiona, namba.

Sasa siku hiyo tulikuwa kwenye nadharia ya Elinor Ostrom, yule Mmarekani ambaye mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza maji, malisho au msitu wao wa pamoja kwa kanuni walizojiwekea wenyewe, bila kusubiri serikali iwasimamie na bila kumuuzia tajiri mmoja. Nimeeleza kwa Kiingereza, kimya. Nimeuliza swali, kimya. Nikasema haya, leo tuongee Kiswahili, nani kwao amewahi kuona kitu cha namna hii? Mkono wa yule kijana ukapanda.

Jamani, aliongea yule mtoto! Akaeleza mfereji wa kwao, mfongo, unavyochukuliwa mtoni kule juu karibu na msitu ukateremka mpaka kwenye migomba, zamu ya asubuhi ni ya nani na ya jioni ni ya nani, maji ya usiku yanakusanywa wapi yasipotee, masika yakibomoa banio nani anaita watu, asiyekuja kwenye kazi ya kusafisha anatozwa nini, mjane au mgonjwa anasamehewa vipi. Akaeleza ugomvi wa watu wa juu na watu wa chini na jinsi wazee wanavyoumaliza kabla haujafika kwa mtendaji. Akaeleza kwa nini mabomba ya mradi yanaweza kukauka na mfongo ukaendelea kutiririka, kwa sababu kwenye mfongo kila mtu anajua zamu ya kila mtu na bomba likiharibika kila mtu anasubiri fundi wa mradi. Darasa zima limegeuka linamwangalia. Kanuni zilizoko kwenye kitabu kile alikuwa anazijua moja moja, amezikuta kwao, amezifanyia kazi na jembe mkononi.

Nikamuuliza, mbona siku zote hizi hukusema? Akanijibu, madam, kwa Kiingereza sikujua nianzie wapi, alafu nilidhani mambo ya nyumbani sio elimu.

Nilidhani mambo ya nyumbani sio elimu. Nawauliza nyie walimu wenzangu, nani alimfundisha hivyo? Mama yake? Babu yake aliyempeleka kuzibua mfereji? Hapana. Shule ndiyo ilimfundisha. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alishalalamikia jambo hili hili, kwamba shule inamfanya mtoto aone maarifa yote ya maana yako vitabuni au kwa msomi, anawadharau wazee wake ambao wanajua mengi, na kwamba mtihani tumeupa heshima kuliko inavyostahili. 1967! Na mimi bado nakutana na matokeo yake semina.

Angalieni safari ya mtoto wa kawaida. Miaka yake yote ya shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili, ananyoosha kidole, anauliza, anabishana na mwalimu. Anaingia kidato cha kwanza, kila kitu Kiingereza, baiolojia Kiingereza, historia ya babu yake mwenyewe kwa Kiingereza. Mwezi wa kwanza anauliza anachekwa. Mwezi wa pili hanyooshi tena kidole. Anajifunza kunyamaza na kunakili ubaoni, na akikaa hivyo miaka minne, au sita, anakuja kwangu chuoni ameshakuwa hodari wa kunyamaza, alafu sisi tunasema vijana wa siku hizi hawafikiri. Wanafikiri sana! Hatujawapa lugha ya kufikiria kwa sauti.

Sisemi tutupe Kiingereza. Mimi shahada yangu ya uzamivu nimeiandika kwa Kiingereza na nasoma kila siku kwa Kiingereza. Ninachofanya darasani ni kwamba tunajadili kwanza kwa Kiswahili mpaka jambo limeeleweka, mpaka tumegombana vya kutosha, ndipo tunaliandika pamoja kwa Kiingereza sentensi kwa sentensi. Inachukua muda, silabasi inachelewa, nakubali. Na najua nyie wa shule za msingi na sekondari tangu ada ifutwe mwaka 2016 madarasa yamefurika na kumsikiliza kila mtoto ni kazi ngumu kweli. Lakini mtoto mmoja kwa siku inawezekana. Mmoja tu, muulize kwenu mnafanyaje, umsikilize mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye jamii, na hapa mnivumilie kwa sababu nitagusa harusi.

Kuna siku ziliingia meseji mbili kwenye simu yangu, hazikupishana sana. Ya kwanza ni ya binti wa binamu yangu, yuko mwaka wa tatu, ananiambia shangazi bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limeisha, ada imebaki kidogo, na bila kumalizia sitaruhusiwa kufanya mtihani. Ya pili ni kadi ya harusi ya ukoo huo huo, singo elfu hamsini, dabo laki moja, na chini yake orodha ya walioshatoa na walioahidi. Ile harusi ilikuwa na ukumbi, mapambo, emsii, keki, ndafu, matarumbeta, na kabla yake sendofu na kicheni pati. Ilikuwa na kamati, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao kila Jumapili, na ambaye hajatimiza ahadi anapigiwa simu kwa upole mpaka anatimiza. Hela yote ilipatikana. Yote! Na kamati ya yule binti ilikuwa ya nani na nani? Yeye na simu yake.

Nisikilizeni vizuri wazazi wangu, sipingi harusi. Nilitoa mchango wangu, nikaenda, nikacheza, nikamtuza bibi harusi. Harusi inapatanisha watu walionuniana miaka, inawaleta vijana wa Dar na Mwanza wawajue ndugu zao. Ninachosema ni kwamba tumeshathibitisha uwezo tunao. Nidhamu ya kuchanga tunayo, mahesabu tunayajua, kufuatiliana tunajua. Kwanini basi tunaviamsha vyote hivyo kwa ajili ya pete, na kwa ajili ya ada tunamwachia mtoto na mama yake peke yao?

Na sisi wa hapa hatuna kisingizio. Wazee wetu wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, KNPA, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama cha ushirika, wakauza kahawa kwa pamoja, na humu ukumbini wako watu wazima ambao ada yao ilitoka kwenye gunia la kahawa, mnajijua. Chuo cha Ushirika kimeanzishwa hapa hapa Moshi mwaka 1963, na 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Watu wanatoka nchi nzima kuja mji huu kusomea namna ya kuweka nguvu pamoja. Sisi wenyeji je?

Basi nikaomba neno kwenye kikao cha harusi. Baba mdogo mmoja, mtu ninayemheshimu sana, akasema harusi ni heshima ya ukoo, ada ni jukumu la mzazi. Nikamuuliza, baba mdogo, huyu mtoto akimaliza chuo akawa mtu mkubwa mtasema ni wa nani? Akakaa kimya, alafu akasema, atakuwa wetu. Kikao kikacheka, lakini yeye hakucheka, akatoa hela mfukoni akaweka mezani. Binti akafanya mtihani. Tukakubaliana pia kwamba kila harusi ya ukoo itatenga kitu kidogo kwa ajili ya ada, na mfuko huo ulienda vizuri kwa muda, baadaye watu wakaanza kuvutana mtoto wa nani aanze, ukafa. Nasema wazi kwamba ulikufa ili mtu asidhani ni jambo jepesi. Ulikosa kile ambacho mfongo unacho, zamu inayojulikana na watu wote.

Haya. Lile la mama wa kamati.

Sijaolewa. Nakaribia kustaafu na sijaolewa. Watu wakisikia hivyo wanatafuta jeraha, wanataka niseme kuna mtu aliniumiza, au kwamba elimu ilinifukuzia wanaume. Sio hivyo. Kulikuwa na mtu mwema kabisa wakati niko masomoni nje, alitaka tubaki kule, mimi huku nilikuwa na mama anayeumwa na kazi ninayoipenda, tukaachana kwa heshima, na leo watoto wake wananiita shangazi. Nikarudi, nikamuuguza mama yangu mpaka mwisho, nikafundisha, nikalea watoto wa kaka zangu likizo zao zote, na maisha yakajaa. Wakati fulani nikagundua kwamba sisubiri tena. Naishi.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari. Wa hiari! Kama kuingia ni hiari basi na kutoingia ni hiari, au nimekosea mahesabu? Na kwa mabinti zetu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu sheria hiyo hiyo kwenye vifungu vya 13 na 17 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, mpaka Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikakubaliana nayo. Mtoto anayekua anasikia kila siku kwamba bila mume hajakamilika, unategemea atapata wapi nguvu ya kusema ngojeni kwanza nimalize shule?

Na tena hapa Kilimanjaro tuna masista na mapadri. Tunawapa heshima yote, tunawaita kubariki nyumba zetu, hakuna anayewaangalia akasema hawa hawajakamilika. Kwahiyo tunajua. Moyoni tunajua kabisa kwamba mtu anaweza kuwa mtu mzima kamili bila ndoa. Tunamnyima tu yule ambaye hakuvaa kanzu wala shela la utawa.

Magumu yapo na sitayaficha. Kazini ukiwa huna ndoa, sikukuu ikikaribia unaambiwa wewe huna familia, baki usimamie mitihani. Wenye nyumba wengine hawapangishi binti anayeishi peke yake. Kijana wa kiume mwalimu akipelekwa kijijini hajaoa, watu wanamtilia shaka hata kabla hajafungua begi. Na siku ukiugua ghafla usiku unafika hospitali unapewa fomu, ndugu wa karibu ni nani, na kalamu inagoma mkononi. Mimi niliandika jina la jirani yangu, mama tunayegawana ndizi na majani ya ng'ombe, kwa sababu ndiye aliyenileta na ndiye aliyekaa na mimi mpaka asubuhi.

Lakini gumu kuliko yote ni la kihamba, shamba la ukoo la nyumbani kwetu Wachagga. Baba yetu alipofariki ukoo ukakaa. Wakagawa kwa wavulana kama ilivyo desturi, ilipofika kwangu mzee mmoja akasema wewe utapata kwa mumeo. Kimya kikatanda maana wote walijua mume hayupo. Na mzee mwingine, mkubwa kuliko wote pale, akauliza taratibu, na huyu mtoto wetu tutamzika wapi? Nyie wa huku mnaelewa uzito wa swali hilo. Sisi tunazikwa kwenye kihamba, chini ya migomba ya watu wetu. Binti aliyeolewa anazikwa kwa mumewe. Asiyeolewa anazikwa wapi? Ina maana kwa kuwa hana pete hana hata pa kulala siku ya mwisho?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa sawa na mwanaume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Nilikuwa naijua, nimeifundisha. Ila siku ile sikuitaja. Aliyeongea ni mdogo wangu wa mwisho, ambaye nyumba ya wazazi inabaki kwake. Akasimama akasema, dada ndiye alimuuguza mama, dada ndiye aliyenisomesha, upande wa mashariki wa kihamba ni wake, pandeni masale leo. Na yakapandwa siku ile ile, ile mimea yetu ya kuonyesha mpaka, mzee aliyeuliza swali ndiye aliyeshika la kwanza. Sheria iko nyuma yetu na ni vizuri iwepo, mabinti ijueni, ila nawaambia kaka zao waliomo humu, neno moja la kaka kwenye kikao linaokoa miaka ya kwenda mahakamani. Lisemeni mapema, msisubiri msiba.

Na nyie ndugu zangu mnaoishi peke yenu, wajane, walioachana, mliochagua na ambao haikutokea, kuna mambo ya kufanya wiki hii. Kama ni mtumishi nenda kwenye mfuko wako wa pensheni uangalie majina ya wategemezi na warithi, wengi wetu tulijaza siku ya kuajiriwa hatujagusa tena, na tangu mifuko iunganishwe kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mwaka 2018 wengine hata hawajui taarifa zao zikoje. Andika wosia, RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanakusaidia kuuandika na wanautunza. Mchague mtu atakayesaini kwa niaba yako hospitali, umwambie mkiwa mmekaa mnakunywa chai, asije kujua siku ya dharura. Na uwe na watu. Usijifungie. Mtu asiye na ndoa ana wajibu wa kuwa na watu zaidi ya wengine, jumuiya, majirani, watoto wa ndugu, kikundi cha kuweka na kukopa, kwaya, chochote, mradi siku mbili zisipite hakuna aliyeuliza uko wapi.

Sasa Desemba inakuja. Mabasi yatajaa, magari ya Dar yatapanga foleni kuanzia Himo mpaka juu, na watoto wenu watashuka wamechoka na mifuko ya zawadi. Wako ambao miaka hii hawaji, na sababu sio nauli, wanakwepa lile swali. Nawafahamu, wananipigia simu, wengine ni wanafunzi wangu. Mama zangu, baba zangu, naomba mwaka huu muwaulize mengine. Muulizeni kazi yake anaifanyaje hasa, amejifunza nini, mji anaoishi ukoje, nani anamtazama akiumwa. Mchukueni mkatembee mkaangalie mfereji, mwonyesheni mpaka wa shamba uko wapi na ulikuwaje. Kikao cha ukoo kikikaa apewe kiti na neno lake lisikilizwe. Mbuzi akichinjwa apate sehemu ya mtu mzima wa umri wake, asihesabiwe na watoto.

Na kwa walimu na wazazi tuliomo humu, mfuko wa ada tuuanzishe sisi wenyewe, leo, na safari hii utaratibu wa zamu uandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Daftari liko pale mezani kwa katibu. Jina langu nimeshaliandika na kiasi chake, na katibu ameniahidi atafuatilia ahadi kwa namna ile ile anayofuatilia za harusi. Kabla hamjaenda kunywa chai pitieni pale.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.